Papa, Bunduki Yako Ilikohoa

Papa,

Nimekasirika. Ulitufundisha kwamba barua huanza na salamu, mtu amuulize mwenzake hali kwanza ndipo aseme yake. Leo sikuulizi hali. Wewe umelala. Sisi uliotuacha huku Kampemba hatujalala vizuri tangu tulipokuzika, na sababu ni wewe na vikombe vyako vya plastiki.

Kama hukusikia huko ulipo, basi nikuambie: bunduki yako ilikohoa. Haikulia. Mbele ya wawindaji wenzako wote, mbele ya shangazi waliokuja kwa treni kutoka kaskazini na vifurushi vyao vya samaki wakavu, rafiki yako Papa Banza aliielekeza juu akafyatua, ikatoka sauti ya mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Hata watoto waliokuwa wameziba masikio waliondoa vidole wakatazamana.

Najua utasema, Ngoie, mbona unaanzia mwisho. Niache nisimulie kwa mpango wangu. Hapa nyumbani kila mtu amesimulia kwa mpango wake, na aliyeumia ni Mama.

Wewe na mimi tunajua ukweli wa kartushi za bunduki zilizotoka kwetu. Wawindaji walikuja na maganda yao matupu, wakakaa nawe uani, mkanywa munkoyo, pombe yetu ya mahindi, mkapigiana hadithi za nyama waliopona, na baadaye wakarudi kuchukua kartushi zilizojaa. Wote waliamini ni kazi ya mikono yako. Mikono yako ilikuwa inatetemeka tangu zamani, hata kikombe cha chai ulikishika kwa mikono miwili. Aliyeng'oa kiwashio kilichokufa kwenye tako la ganda na kuweka kipya ni mimi. Aliyepima baruti, akaweka bourre, kile kizibo cha kuikalia baruti, juu yake, akamimina punje za risasi, akazungusha mkono wa ile mashine ndogo mpaka mdomo wa ganda ujikunje ndani, ni mimi. Mashine yenyewe uliifunga kwenye ukingo wa meza yangu ya kushonea, na mtu aliyesikia mlio wake kutoka uani alidhani namalizia gauni la harusi.

Ulinifundisha vizuri, hilo silikatai. Ulikuwa unasimama nyuma yangu, hugusi kitu, unasikiliza tu. Siku moja nilizungusha mkono wa mashine ukasema, "Rudia, ile haikukaa," na kweli haikuwa imekaa. Uliijua kwa sikio. Nilijiona mtu siku ile.

Lakini ukitoka nje, Papa, ulikuwa mtu mwingine. Kwa wawindaji wa kwetu mwanamke hagusi kartushi. Akiigusa bunduki inafunga. Na bibi wa mwindaji akitoka nje ya ndoa, bunduki ya mumewe inakataa kusema. Maneno hayo ulikuwa unayasema wewe mwenyewe, kwa sauti, unapiga goti kwa kiganja, huku mimi nikiwa chumbani na baruti kwenye kucha. Ukirudi ndani ulinikonyeza, na mimi nilicheka. Nilidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Kumbe ulikuwa unafunga kamba, na kamba hiyo ilikuja kumkaba Mama.

Sasa vikombe. Bourre za kila siku nilizikata mwenyewe: duara za katoni ngumu, na duara za blanketi nzito niliyoipaka nta. Hazina uzuri wowote, lakini zinajaza ganda sawasawa, zinaikalia baruti, bunduki inalia. Vile vya plastiki vilikuwa mali ya Babu. Alivipata kwa fundi mmoja wa reli aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na alipokufa vikaja kwako ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Kila kimoja kikombe kidogo cheupe, chini kina sketi nyembamba ya kuzuia moshi wa baruti usipite pembeni, juu kimechanwa ili kifunguke kikitoka. Ulikuwa unakimwaga kimoja kiganjani na kumwonyesha mgeni kama mtu anayeonyesha jino la mtoto wake wa kwanza.

Mkebe ule ulikaa juu ya ukuta, chini ya mabati, kwa miaka yote ya maisha yangu. Wewe unajua mabati yetu mwezi wa kumi kabla ya mvua. Mshumaa unalala wenyewe kwa joto. Plastiki gani inavumilia hayo?

Ulipoanza kuvimba miguu na daktari akasema ni figo, ulimwita Mama ukamwambia kartushi za kukuaga kaburini utazijaza mwenyewe, na kwa vikombe vya baba yako. Nilikuletea zangu, zilizokuwa tayari. Ulizisukuma. Nilichukua kikombe kimoja kutoka kwenye mkebe nikakifinya mbele ya macho yako kwa vidole viwili, sikutumia nguvu, kikavunjika kama ganda la yai. Nilikuambia sketi yake imekauka, moshi wa baruti utapita pembeni, risasi haitasukumwa. Ulisema nini, Papa? Nakukumbusha kwa maneno yako: "Weye unajua nini? Ile ya zamani njo muzuri. Baba yangu alikulishaka bantu nayo." Ukageukia ukutani.

Ulizijaza kitandani. Ilikuchukua mchana mzima, punje za risasi zinaanguka kwenye shuka, na hukutaka nikusaidie hata kuziokota. Uliziziba kwa nta ya mshumaa, ukaziweka chini ya mto, ukamwapisha Papa Banza kwamba hatapiga nyingine. Mgonjwa hapingwi. Tulikuitikia.

Sasa nirudi makaburini. Tulikuzika kule njia ya Kinsevere, karibu na shamba, kama ulivyotaka. Chifu alikuwa ametoa ruhusa ya mlio. Abbé wa parokia alimaliza sala akaondoka haraka, kwa sababu mambo ya bunduki hapendi kuyaona wala hapendi kuyakataza. Papa Banza akachukua bunduki yako, akaweka kartushi ya kwanza, ikakohoa. Papa, rafiki yako alikuwa analia. Machozi yalikuwa yamemjaa hata haoni. Akaivunja bunduki kwenye bawaba, akatoa ganda, akaingiza ya pili, akaifunga, akainyanyua tena karibu na shavu lake.

Mimi nilikuwa nimemshika Mama. Nilikisikia kile kikohozi, na sikio ulilonipa wewe likaniambia kitu hakikutoka. Kikombe kimevunjika, nusu yake imebaki ndani ya mtutu. Akifyatua tena, chuma kinapasuka usoni pake.

Nilisema kwa nguvu: "Papa Banza, usipige. Angalia mu mudomo ya bunduki kwanza."

Kila mtu aligeuka. Binti wa marehemu, kitambaa kichwani, anamfundisha mwindaji bunduki kaburini. Papa Banza alisimama. Aliivunja, akatoa kartushi, akatazama ndani ya mtutu kuelekea mbinguni, na hakuona mwanga. Walikata fimbo, wakasukuma, kikaanguka kipande cheupe cha plastiki kwenye udongo mwekundu, karibu na miguu ya Mama. Yeye alikitazama tu.

Ningetegemea nini? Asante? Tulirudi nyumbani kwenye malori, na kabla hatujanawa mikono, ndugu yako, Baba Mudogo Séraphin, alikuwa amekwisha kupata maelezo yake. Bunduki ya kaka yake haijawahi kukataa tangu aipate. Inakataaje siku ya kuagwa? Bunduki inajua. Bibi alitoka nje wakati mume amelala na ugonjwa.

Alisema hayo mbele ya kilio kizima. Mama alikuwa amekaa chini kwenye godoro la wajane, nywele amefungua, na kwa desturi zenu mjane hajibu neno. Wewe ndiye uliyekuwa unasema desturi ni desturi. Basi alikaa, hakujibu. Mama yetu, aliyekuosha, aliyekupikia bila chumvi akala na yeye bila chumvi ili usione wivu, aliyelala kwenye kiti cha hospitali mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Shangazi walianza kuvuta mikeka yao kutoka upande wake. Polepole, kwa adabu. Mpaka jioni godoro lake lilikuwa peke yake katikati ya chumba.

Ningefurahi kama Séraphin angekuwa mwongo. Mwongo unamjua, unamngoja kwenye kona. Lakini aliamini, Papa. Alilia kwa kweli akisema, "Bibi ya muwindaji akitokaka inje, bunduki inafunga. Kaka alitufundisha." Kaka alitufundisha. Nilitaka kukufukua nikutingishe.

Baraza la ukoo liliitwa ili Mama aseme jina la mwanamume. Asiposema, arudishwe kwao, na nyumba ibaki kwa ukoo. Nyumba ambayo matofali yake aliyachanganya na miguu yake akiwa na mimba yangu.

Nilifikiri sana kabla ya siku hiyo, na mawazo yangu nakuandikia yalivyokuwa. Kumtetea Mama kulikuwa na njia moja tu: kueleza kwa nini kartushi ilikohoa. Kueleza kulitaka nioneshe kwamba najua. Na nikionesha kwamba najua, wataniuliza nimejulia wapi, na jibu ni wewe. Jina lako uani, sifa zako, "hakuna anayejaza kama Papa ya Ngoie", vyote vingeanguka kwa kinywa changu mimi. Uliniacha nichague kati ya heshima yako na heshima ya Mama. Uliniachia hivyo na ukafa, na kila nikikumbuka nakasirika upya.

Nilimchagua Mama. Sikuomba msamaha wakati ule na sikuombi sasa.

Niliingia barazani na trei ya kupepetea mchele. Juu yake niliweka ile kartushi yako ya pili, ambayo Papa Banza hakuipiga, na pembeni moja ya zangu. Séraphin alisema, "Mutoto mwanamuke hagusake ile." Nikamwambia ngoja. Nilikata nta, nikafungua mdomo wa ganda, nikamwaga punje za risasi, nikakivuta kikombe kwa koleo. Kilitoka vipande vipande. Sketi ilikuwa imepasuka ndani humo humo, kabla hata ya kupigwa. Niliwapa wakizungushe mkono kwa mkono. Nikawaambia moshi wa baruti unapita hapa, na hapa, na hauwezi kusukuma kitu. Hakuna mwanamume wa nje katika ganda hili. Kuna plastiki ya Babu iliyookwa na mabati.

Mzee mmoja akauliza, "Na weye, nani alikuonesha?"

Nikasema: "Papa. Kartushi zote munapigaka nazo nyama, mimi njo ninazijazaka. Siku mingi."

Waliokuwa wanatafuna karanga walisimamisha mataya. Wenzako walikuwa wameketi mstari mmoja karibu na mlango, na niliona kila mmoja anafungua mkoba wa kichwa chake, anatafuta palahala yule wa kiangazi, kanga wale wa shambani, ngiri wa Krismasi, wote wameuawa kwa mkono wa fundi wa nguo. Mmoja alianza kufuta kiganja chake kwenye suruali. Alikuwa amekula ngiri yule.

Séraphin hakuwa mjinga. Alishika palepale. Akasema basi ni mimi, mwanamke, niliyeifunga bunduki kwa kugusa kartushi. Nikachukua ile yangu kutoka kwenye trei nikaiweka mbele ya Papa Banza. Nikamwambia hizi mbili kaburini hazikuguswa na mwanamke, alizijaza Papa mwenyewe, na moja imekohoa, nyingine mmeiona. Hizi zangu je?

Hapo nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Papa Banza alijua. Najua alijua. Mwaka juzi alinishika mkono kunisalimia, akavinusa vidole vyangu bila kujificha, akaniangalia, na hakusema kitu. Amekunywa munkoyo wetu, amelala kwetu akilewa, nimeokoa macho yake juu ya kaburi lako. Na tangu kaburini mpaka siku ile ya baraza hakuwa amefungua mdomo kumtetea Mama. Nilimchukia, Papa. Niliwachukia nyote wawili, wewe uliyelala na yeye aliyekaa.

Séraphin akamuuliza, "Na ile ya mutoto, inaliaka?"

Papa Banza aliiokota, akaipima uzito kiganjani. Alisema, "Inalia." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Inalia kupita ya zamani."

Basi. Baraza la siku nzima lilikwisha kwa neno la mtu anayeona haya. Hakuna aliyemwomba Mama radhi. Mzee wa ukoo alisema mambo ya plastiki si mambo ya ukoo, kila mtu arudi kwake. Shangazi walirudisha mikeka upande wa godoro kama walivyoiondoa, polepole, kwa adabu. Mama yuko nyumbani kwake. Anapika kwa chumvi sasa. Juzi alikuwa akichambua mboga, akasema, "Papa yako alikuwaka na kichwa nguvu," akacheka, halafu kucheka kukageuka.

Yeye amekusamehe. Mimi bado.

Unataka habari nyingine? Wawindaji waliacha kuja. Baadhi walirudisha kartushi zangu, wakaziacha kwenye gunia mbele ya mlango bila kubisha. Sokoni kuna mwanamke aliniuliza kama gauni lake nimelijaza baruti, na nilicheka, maana alistahili kuchekewa. Meza yangu ni kubwa sasa kwa sababu mashine niliifungua nikaiweka chini ya kitanda. Na nitakuambia kitu ambacho sikumwambia mtu: naikosa ile kazi. Naukosa uzito wa punje zikishuka. Nakukosa wewe umesimama nyuma yangu unasikiliza. Nikikunja pindo la sketi mtaani kukiwa kimya, nageuza kichwa kidogo nikingoja useme rudia. Hiyo ndiyo inayonikasirisha kuliko yote. Ulikuwa unajua nilivyo hodari. Uliijua kuliko mtu yeyote, uliisikia kwa masikio yako. Ungeweza kuwaambia. Hata mara moja tu, uani, kwa sauti ile ile uliyosemea yale mengine. Na siku ya mwisho ulipotaka kuagwa kwa mlio mzuri, ulikataa wa kwangu ukachagua wa mtu aliyekufa.

Jana Papa Banza alikuja. Hakupita mbele. Alizunguka kwa jirani akatokea kwa nyuma, karibu na choo, ameshika mfuko wa maganda matupu chini ya koti. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za Mama. Kisha akasema, "Ngoie, unijazie kama zamani. Haifai bengine bajue."

Kama zamani. Nilimtazama nikakuona wewe wazi kabisa, na nilisikia hasira ikipanda mpaka kwenye meno. Nilimwambia nitajaza. Nilimwambia azunguke apite mlango wa mbele. Nikaitoa mashine chini ya kitanda, nikaibeba mpaka nje, mchana kweupe, nikaifunga kwenye meza kando ya barabara, mahali wauza mkaa na wanafunzi na mama wa kanisa wote wanapita. Nikaweka kiti kimoja, cha kwake.

Alisimama kwenye kona ya nyumba kwa muda. Nilidhani ataondoka, na nilikuwa tayari aondoke. Alikuja akaketi. Watu walipita, wakasalimia, wakatazama, na yeye alijibu salamu zao akiangalia chini. Nilipomaliza kiwashio cha kwanza, bila kuambiwa, alinyoosha mkono akanishikia ganda. Baadaye mwindaji mwingine, mmoja wa wale wa gunia, alipita kwa baiskeli akapunguza mwendo. Papa Banza aliinua kichwa. Akamwambia, "Niko najaziwa kartushi. Kwa huyu."

Nilikuwa sijamwomba aseme hivyo.

Papa, siku ya kumaliza matanga inakaribia. Nakuahidi mlio. Bourre nitazikata katika blanketi jipya, nta nitaipika mwenyewe, na nitazijaza pale pale nje, mchana, Mama ameketi karibu nami na kitambaa kipya. Papa Banza atapiga, na kabla ya kupiga nitawaambia watu wote ni mkono wa nani. Hutanikonyeza safari hii, na mimi sitakaa chumbani.

Lala, baba yangu. Sijamaliza kukasirika, na sitakudanganya kwamba nitamaliza kesho. Lakini nitakuja Kinsevere na jembe kung'oa majani kwenye kaburi lako kabla ya mvua, na nitakuja tena baada ya mvua, na hasira yangu nitakuja nayo, kwa sababu hakuna mwingine wa kumpelekea.

Mimi, binti yako, fundi wa kartushi,

Ngoie